The Strain: aliyeielewa anieleweshe, mimi naona mashimo matupu

#1 Kijana_wa_Chikongola
Wakuu, kwema?

Mvua imenifungia ndani tangu Ijumaa. Nikaenda kwa jamaa mmoja anayejaza muvi kwenye flash, nikamwambia nipe kitu cha kutisha, mapenzi sitaki. Kanijazia The Strain, tamthilia ya wanyonya damu, misimu yote minne, elfu mbili. Wa kwanza nimeumaliza leo alfajiri na nina hasira.

Mwanzo ni mtamu, siwezi kuukataa. Ndege imetoka Berlin, inatua JFK pale New York, halafu inazimika njiani. Taa hakuna, redio kimya, vifuniko vya madirisha vimeshushwa. Wanaingia wanakuta abiria 206 wamekufa wamekaa vitini kama watu waliosinzia basi la usiku, na wanne wazima. Hapo nilinyanyua miguu yangu sakafuni nikaiweka kitandani, siwafichi.

Baada ya hapo ni kichekesho. Maiti zaidi ya 200 zinatoka mochwari usiku mmoja, zinarudi makwao kwa miguu, asubuhi jiji zima linakwenda kazini kama kawaida. Jua linawaua, tunaambiwa kila dakika, lakini mkubwa wao episodi ya 13 jua linampiga mwili mzima, anafuka moshi kama jiko la mkaa, anakimbia zake. Na kali kuliko zote, episodi ya 8 mnyonya damu mmoja anakwenda shule mchana kweupe! Kavaa pete kubwa, nywele kachana, anamtongoza binti kwenye korido.

Hivi walioandika hii kitu walikuwa wanasomana?

#2 Mama_Wawili_Shangani
Misimu minne elfu mbili? Mimi huku nauziwa elfu tatu. Njoo pembeni unitajie hilo duka.

#3 Chuno_Juu
Nimekaa pale. Wajuzi waje.

#4 Wakala_Bandarini
Umeanzia mbali, mkuu. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, kwa hiyo mwenzako ile episodi ya kwanza tu ilinishinda.

Sanduku. Lile sanduku la mbao lenye nakshi, refu kuliko mtu, limejaa udongo, na halimo kwenye orodha ya mizigo ya ndege. Sawa, mzigo usiokuwemo kwenye orodha tunauona. Lakini mzigo usio na karatasi ndio unaokaa kuliko yote! Mwenye mzigo anaitwa, wakala anaitwa, siku za kukaa zinahesabiwa, wewe unazeeka nje ya geti. Hili la kwao limetoka usiku uleule.

Halafu udongo, jamani. Udongo kutoka nchi nyingine ni kesi ya watu wa karantini ya mimea. Wale wanauogopa udongo kuliko bangi, kwa sababu unabeba vijidudu na minyoo ya mizizi. Na hawa strigoi, yaani hao wanyonya damu, wanaambukiza kwa kitu gani? Kwa minyoo! Afisa mmoja na koleo lake angeimaliza tamthilia yote, misimu minne, kwa dakika kumi, tukalala.

#5 Dada_wa_Ligula
@Wakala_Bandarini hapo kwenye geti umeteleza. Jim Kent, yule wa timu ya madaktari waliokuja kuikagua ndege, ndiye aliyeliruhusu lile gari lenye sanduku litoke, na alinunuliwa. Mkewe ana saratani, matajiri wakaahidi kumtibu. Hilo si shimo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo pekee la kweli kwenye msimu wote.

#6 Wakala_Bandarini
Dada, kununuliwa nakubali, hata bei naweza kukisia. Lakini mtu mmoja akinunuliwa anafungua geti moja. Magetini tupo wengi na kila mmoja anataka chake.

#7 Mtama_Njiapanda
😂😂 Huyu kaongea kwa uchungu.

#8 Ticha_Nachingwea
Acheni geti, shikeni kalamu.

Walioamka mochwari tuwaite 200 kwa wepesi. Kila mmoja kila usiku anamgeuza mtu mmoja tu, si mlafi. Usiku wa kwanza 400, wa pili 800. Usiku wa kumi mnao 204,800. Usiku wa 15 ni 6,553,600. New York kwa sensa yao ya 2010 ina watu milioni 8 na ushee. Kwa hiyo usiku wa 16 hakuna wa kung'atwa, wanabaki kutazamana.

Sasa niambieni msimu wa pili na wa tatu wanamng'ata nani?

#9 Kijana_wa_Chikongola
Ticha umenimalizia hamu ya msimu wa pili.

#10 Dada_wa_Ligula
Ticha hesabu yako haina kosa ila hujawapa muda wa kugeuka. Mtu haamki palepale. Wale wanne wazima walichukua siku kadhaa, nywele zinanyonyoka, koo linauma, macho yanabadilika. Yule mwanamuziki, Bolivar, tumemfuata karibu nusu ya msimu anaoza taratibu.

#11 Ticha_Nachingwea
Haya, wape siku tatu kila mmoja badala ya usiku mmoja. 16 mara 3 ni 48. Mwezi na nusu jiji limekwisha. Bado sijaongeza wanaong'ata wawili kwa usiku mmoja, na wenye njaa hawakosekani.

#12 Fundi_Simu_Masasi
Nyie mnasahau kwamba hawajitawali. Wote wanasikia sauti ya mkubwa wao kichwani, akisema simama wanasimama. Yeye hataki kulimaliza jiji, anataka zizi. Mfugaji hachinji ng'ombe wote siku moja.

#13 Ticha_Nachingwea
Hiyo hoja nzuri. Lakini hiyo umeitunga wewe Masasi, msimu wa kwanza hawakutuambia.

#14 Fundi_Simu_Masasi
Kazi ya mtazamaji ni nini sasa 😀

#15 Bwana_Korosho
Nyote mnasumbuka bure. Ni hadithi ya kutunga, mnatafuta mantiki ya nini kwa mtu mwenye ulimi wa mita mbili?

#16 Mama_Wawili_Shangani
@Bwana_Korosho hapana kaka. Hata bibi alipotuhadithia sungura na fisi, sungura alikuwa mjanja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bibi angesema leo sungura kawa mjinga bila sababu, tungemwamsha. Ulimi wa mita mbili nakubali. Ila ukishaniambia jua linaua, basi liue.

#17 Mtama_Njiapanda
Mama Wawili kafunga mjadala. Tugawane chai.

#18 Mvuvi_Msangamkuu
Haufungwi. Hamjazungumzia maji.

Kwenye hii tamthilia strigoi hawezi kuvuka maji yanayokwenda mpaka binadamu amvushe. Ndiyo maana lile sanduku lilihitaji dereva. Manhattan ni kisiwa, JFK iko ng'ambo, kijana mmoja, Gus, akalipwa alivushe. Mpaka hapo wako sawa, na nilifurahi, nikasema hawa wanajua. Mimi nimezaliwa Msangamkuu, shule nilivuka, hospitali nilivuka, mke nilivuka kwenda kumposa. Ukikosa pantoni la mwisho unalala Mtwara, uwe binadamu uwe jini.

Lakini wale wengine je? Wametapakaa jiji zima, Brooklyn wamo, Manhattan wamo, hadi Harlem kule juu wamo. Nani aliwavusha? Mmoja mmoja kwa nauli?

#19 Fundi_Simu_Masasi
Mahandaki. New York treni zinapita chini ya mto. Hujavuka maji, umepita chini yake.

#20 Mvuvi_Msangamkuu
Na daraja ni kupita juu yake. Kwa hiyo sheria inamkamata nani? Anayeogelea tu? Basi hata mimi sivuki maji, nakaa kwenye ngalawa.

#21 Mkutubi_Lindi
Habari za jioni. Naomba niingilie, maana hapa kuna vitu viwili vimechanganywa.

Kwanza, ile East River si mto. Jina ni la mto, lenyewe ni mlango wa bahari unaounganisha ghuba ya New York na bahari ya upande wa Long Island. Maji ya chumvi, yanakwenda na kurudi kwa kujaa na kupwa.

Pili, sharti la maji ni la zamani. Bram Stoker kwenye kitabu chake Dracula cha 1897 anasema mnyonya damu anavuka maji yanayokwenda wakati maji yamesimama au yanajaa, basi. Kwa hiyo @Mvuvi_Msangamkuu wewe ndiye ungekuwa mwandishi wao. Uwaambie saa ngapi wanavuka.

Na la jua nalo: Dracula wa Stoker anatembea mchana, anapungukiwa nguvu tu. Kufa kwa jua kuliletwa na filamu, Nosferatu ya Ujerumani ya 1922. Kila mtu anayekuja baadaye anachagua sharti analolitaka.

#22 Mvuvi_Msangamkuu
Mkutubi Mungu akubariki. Sasa sikilizeni. Kama ni mlango wa bahari, basi kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua maji yanakimbia, hata mtu mzima na mashine yake anafikiria mara mbili. Maji mafu yanatambaa. Na kila yakijaa au yakipwa, kuna kipindi kifupi yanasimama kabla ya kugeuka. Hapo ndipo unapovuka ukiwa huna haraka.

Strigoi mwenye akili angekaa ufukweni na kalenda ya mwezi. Mara nne kwa siku njia iko wazi, mbili kati ya hizo huwa usiku. Hawahitaji tajiri, hawahitaji dereva. Sanduku zima halikuwa na kazi!

#23 Chuno_Juu
Maji mafu kwa ajili ya wafu 😂 nimekufa

#24 Bwana_Korosho
Nilisema nakaa kimya, ila nyie mmenichokoza. Mimi nimeifika hadi msimu wa nne na nina langu.

Mwisho wa msimu wa tatu yule mtoto wa daktari Goodweather, mhusika mkuu, anayeitwa Zach, anabonyeza bomu la nyuklia kwa sababu baba yake kamuua mama yake aliyegeuka. Mabomu mengine yanafuata duniani. Wingu linaziba jua, miezi tisa inapita, strigoi wanatamba mchana. Haya, vizuri kwao.

Binadamu wanakula nini?

Mimi nina mikorosho Tandahimba. Kuanzia mwezi wa sita maua yanatoka, na pale ndipo roho yangu inapokaa. Mawingu na ukungu vikizidi kipindi kile, ubwiriunga unaingia. Unaona maua yana unga mweupe kama mtu kayapaka poda, yanakauka, yanaanguka, msimu umekwenda. Tunapiga salfa alfajiri kabla upepo haujaanza, puani mpaka kooni, na bado unaweza kukosa. Hapo jua lenyewe lipo, limejificha kidogo tu. Hao jamaa wamekaa miezi tisa gizani na watu bado wana mashavu. Strigoi wanafuga binadamu wa kuwanyonya, sawa, zizi la Fundi wa Masasi. Malisho ya zizi yanatoka wapi?

#25 Kijana_wa_Chikongola
KAKA. Mimi ndio nimemaliza msimu wa KWANZA. Nimeandika pale juu. Umenimalizia wa tatu na wa nne kwa mpigo.

#26 Bwana_Korosho
Samahani mdogo wangu. Msimu wa pili sijakugusa, angalia kwa amani.

#27 Mama_Wawili_Shangani
Aliyekwambia hadithi ya kutunga haina mantiki ni nani vile? Namba 15? 🙄

#28 Bwana_Korosho
Mama mimi sitafuti mantiki, natafuta chakula.

#29 Wa_Maabara
Salaam. Mimi niko upande wa maabara na nimekuja kuzungumzia taa.

Wanatumia taa za urujuanimno, hizi tunazoita UV, kuwaunguza. Wazo zuri. Ila miale hiyo iko aina tatu, A, B na C. C ndiyo kali, taa za kuulia vimelea ni hiyo. Ile ya jua haifiki ardhini, inaishia juu kwenye hewa na tabaka la ozoni. Inayotufikia ni A kwa wingi na B kidogo, na kioo cha dirisha cha kawaida kinazuia B karibu yote ila A inapita.

Sasa chagueni. Kama kinachowaua ni C, basi jua haliwezi kuwaua, na tamthilia imekwisha. Kama kinachowaua ni A, basi taa ya kukagulia noti inatosha. Kila wakala wa pesa hapa mjini anayo, ile ya zambarau. Unamsubiri mlangoni, unammulika kama noti ya elfu kumi ya mashaka.

#30 Dada_wa_Ligula
Kaka wa maabara, ukali je? Taa ya noti na jua la saa sita ni sawa na kibatari na tanuri. Aina moja haina maana nguvu moja.

#31 Wa_Maabara
Kweli. Hiyo nakupa. Basi wangehitaji taa nyingi sana, na hapo ndipo swali langu halisi: mbona hawazitengenezi nyingi? Jiji lenye viwanda vyote vile, dawa inajulikana tangu mzee Setrakian, yule mwindaji wa strigoi, aingie kwenye hadithi, na wanaendelea kwenda watu watano na tochi mbili. Madini ya fedha nayo yanawaua. Mzee ana duka la rehani lililojaa vyombo vya fedha, upanga mmoja, basi.

#32 Fundi_Simu_Masasi
Kwa sababu hakuna aliyewaamini! Daktari kasema, kafukuzwa kazi na kutafutwa na polisi. Jamani sote tulikuwepo 2020. Mnakumbuka watu wangapi walisema ni mafua tu? Mnakumbuka nani alisema tujifukize? Mimi hili silihesabu shimo. Wameliandika vizuri kuliko walivyojua, maana 2014 hakuna aliyekuwa na mfano.

#33 Ticha_Nachingwea
Mafua hayaingii ndani kwako na ulimi wa mita mbili. Kwa ushahidi ule, hata mjomba wangu angeamini.

#34 Fundi_Simu_Masasi
Mjomba wako simjui, wa kwangu asingeamini.

#35 Msusi_Magomeni
Mnaongea yote mnaacha nywele. Daktari Goodweather, mchezaji wake Corey Stoll, kichwa chake ni kipara. Msimu wa kwanza ni wigi. Mimi kazi yangu ni vichwa vya watu, nililiona kabla ndege haijafunguliwa mlango. Nywele hazitembei na uso. Anashtuka, nywele zimetulia. Nilishindwa kuogopa kwa sababu nilikuwa naangalia pale mbele ya paji.

#36 Mama_Wawili_Shangani
Msusi umeua. Ila yule Fet muua panya ana nywele zake na ndiye mwenye akili pekee mle ndani. Panya wakihama anauliza kwa nini wamehama. Madaktari hawakuuliza.

#37 Wakala_Bandarini
Fet naungana nawe. Kwenye kamba za meli tunafunga sahani za kuzuia panya, watu wanapita wanadhani mapambo. Anayejua panya anajua jiji.

#38 Bi_Mikindani
Hamjambo wanangu. Mjukuu wangu ananisomea haya na mimi namwambia cha kuandika.

Tulipokuwa wadogo hapa Mikindani tuliogopeshwa mumiani. Jioni usitoke, mumiani anapita. Mumiani wetu hakuwa maiti. Alikuwa mtu mzima anayekula ugali, ana gari, ana mwajiri. Anachukua damu akaiuze, ikafanywe dawa. Neno lenyewe lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa na wafanyabiashara zamani. Hakuwa na haja ya usiku wala sanduku. Na ukinyonywa na mumiani huamki ukawa mumiani, unakufa, basi.

Hao wa kwenye runinga mjukuu kanionyesha. Wanaonitisha mimi si wenye ndimi. Yule mzee tajiri wa kwenye kiti cha magurudumu, anayewafungulia mlango ili apate kuishi milele. Huyo ndiye mumiani. Nimemjua alipotokea tu.

#39 Dada_wa_Ligula
Shikamoo bibi. Palmer huyo. Umesema kweli.

#40 Chuno_Juu
Shikamoo bi. Mimi naona ni ndondocha. Wamekufa, wamerudi, hawana akili yao, wanatumwa na mwenyewe.

#41 Bi_Mikindani
Marahaba. Ndondocha analima, mjukuu wangu. Anafuga, anabeba maji, anakula pumba. Hao wanafanya kazi gani? Wanazurura.

#42 Bwana_Korosho
Ndondocha wangekuwepo, swali langu la chakula lingejibiwa. Nimetoka.

#43 Mkutubi_Lindi
Nirudi kwenye maandishi, kwa sababu Kijana aliuliza walioandika walikuwa wanasomana. Guillermo del Toro na Chuck Hogan wameandika vitabu vitatu, 2009 hadi 2011. Runinga ilianza 2014 ikaisha 2017, episodi 46: 13, 13, 10, 10. Vitabu vitatu vimevutwa vikawa misimu minne, na mimi naona kuvutwa kulikuwa kwingi zaidi katikati. Wakati wa kukitafuta kile kitabu cha kale, Lumen, wanakipata, wanakipoteza, wanakinunua, wanakipoteza tena. Mtu anayejua hadithi inaishia wapi ila bado ana saa 20 za kujaza, anaandika hivyo.

Tena mwenyewe del Toro alitaka iwe runinga tangu mwanzo. Kituo kikamwambia aifanye ya kuchekesha, akaondoka akaandika vitabu.

#44 Msusi_Magomeni
Wigi lilibaki kwenye ile ya kuchekesha.

#45 Mmwera_wa_Ngongo
Nyie watu wa Mtwara mnashangaa sanduku kutoka Berlin. Sisi Lindi ndio tuliopeleka masanduku Berlin. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa pale Tendaguru, babu zetu wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, tani zaidi ya 200. Mmoja kasimamishwa kwenye makumbusho yao, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tukawapa kitu kisichoamka. Wao wakawapelekea Wamarekani kinachoamka. Ustaarabu huo?

#46 Mtama_Njiapanda
Uzi umehama mpaka kwa dinosaria. Haya.

#47 Wakala_Bandarini
Tani 200 kichwani, na karatasi walikuwa nazo, nina hakika.

#48 Kijana_wa_Mkanaledi
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyejibu la episodi ya 8. Pete kubwa, mnyonya damu mwanafunzi, nywele safi. @Kijana_wa_Chikongola, hiyo pete ina jiwe la bluu?

#49 Kijana_wa_Chikongola
Ndiyo! Umejuaje?

#50 Kijana_wa_Mkanaledi
Hiyo ni The Vampire Diaries, tamthilia nyingine kabisa, mkuu. Stefan huyo. Ile pete ndiyo inayomlinda na jua. Jamaa wa flash kakuchanganyia faili, kaliita jina la nane ya The Strain. Mimi aliniwekea mechi ya mpira katikati ya tamthilia ya Kikorea.

#51 Mama_Wawili_Shangani
🤣🤣🤣 Siku tatu watu wazima tunachambua kosa la fundi flash.

#52 Ticha_Nachingwea
Kosa moja. Hesabu yangu bado imesimama.

#53 Dada_wa_Ligula
Na la mkubwa wao kupigwa jua episodi ya 13 nalo lipo kwenye faili lililo sahihi, nimeangalia tena leo. Wanavunja madirisha, jua linamwagika, anaungua, anaruka anatoroka. Setrakian mwenyewe anabaki mdomo wazi. Kwangu waandishi walimwokoa kwa sababu walitaka msimu wa pili.

#54 Wa_Maabara
Au ni mzee sana na ngozi yake imekomaa. Nene kama ya kobe, miale inaunguza juu tu.

#55 Mkutubi_Lindi
Au wamerudi kwa Stoker kimyakimya. Jua linampunguzia nguvu.

#56 Msusi_Magomeni
Mimi niliyoiona ilikuwa imetafsiriwa Kiswahili, na mtafsiri alisema pale "mzee kajipaka mafuta". Nikaamini nikaendelea.

#57 Mvuvi_Msangamkuu
Mtafsiri kawashinda wote.

#58 Kijana_wa_Chikongola
Mrejesho. Nimekwenda dukani na flash yangu. Jamaa hata hakushtuka, kasema "ulisema hutaki mapenzi, hilo la pete nilikuongezea bure". Kanipa nane ya kweli. Nimeiangalia, sawa, inaungana na ya saba.

Sasa nimeanza msimu wa pili na naona kanichanganyia tena. Kuna dogo humu anamwita daktari baba, sijawahi kumwona.

#59 Kijana_wa_Mkanaledi
Huyo ndiye Zach.

#60 Kijana_wa_Chikongola
Zach namjua, nimekaa naye episodi 13. Huyu si yeye.

#61 Dada_wa_Ligula
Si yeye lakini ndiye. Mchezaji kabadilishwa. Msimu wa kwanza ni Ben Hyland, kuanzia hapo ni Max Charles.

#62 Kijana_wa_Chikongola
Na hakuna anayeshangaa mle ndani? Hata baba yake?

#63 Msusi_Magomeni
Baba yake subiri kidogo, naye ananyoa.